Kivuli Kilichoipima Dunia

Mara mbili kwa mwaka, jua la Dar es Salaam hupita utosini na kivuli cha mtoto anayecheza uani hujificha chini ya nyayo zake: mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Ningependa mtoto aanze kumjua Eratosthenes, mtaalamu wa kale aliyeipima dunia, hapo, saa sita mchana, kabla hata hajatajiwa jina hilo gumu.

Watoto wetu huambiwa kuwa alikuwa Mgiriki, basi. Lugha na elimu yake vilikuwa vya Kigiriki, na alisoma Athens, lakini alizaliwa Cyrene, katika Libya ya leo, yapata mwaka 276 KK. Kisha Mfalme Ptolemy wa Tatu akamwita Alexandria, Misri, amfundishe mwanawe na kuitunza maktaba kubwa. Dunia ilipimwa kutoka Afrika, na watoto wetu wana haki ya kulijua hilo.

Eratosthenes alijua kwamba huko Syene, yaani Aswan ya leo, adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote, mwezi Juni, mti uliosimama wima haukuwa na kivuli na jua lilimulika hadi chini ya kisima. Alexandria, siku hiyohiyo na saa hiyohiyo, kivuli kilikuwepo. Akajiuliza: kwa nini?

Hapa mwalimu asiwe na haraka. Achomeke njiti mbili za kiberiti kwenye chungwa, alipeleke juani, aelekeze njiti moja kwenye jua. Hiyo haitakuwa na kivuli. Ya pili itakuwa nacho. Kisha azihamishie kwenye kipande cha boksi kilicho bapa, zote zikiwa wima. Vivuli vitalingana. Mtoto mwenyewe ataona ni umbo gani linaloeleza habari za Syene na Alexandria.

Hesabu ije baadaye. Chombo kinachotajwa kuwa alikitumia ni bakuli lenye kijiti kilichosimama katikati. Kifuu cha nazi kitafaa kabisa. Kivuli cha Alexandria kilichukua sehemu moja ya hamsini ya duara zima. Umbali hadi Syene ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Mara hamsini, ukapata 250,000. Wataalamu hubishana kama stadia moja ilikuwa mita 157 hivi au 185, kwa hiyo jibu lake huangukia kati ya kilomita 39,000 na 46,000. Mzunguko halisi ni kama 40,000. Syene haikuwa kusini kamili mwa Alexandria, na watoto waambiwe hilo pia: wazo lilikuwa imara kiasi cha kuhimili kasoro hiyo.

Alifanya mengine. Chekecheo lake la kutafuta namba tasa linaweza kuchorwa kwenye daftari la mraba: andika 1 hadi 100, futa 1, acha 2 ufute vigawe vyake vyote, kisha fanya vivyo hivyo kwa 3, 5 na 7. Archimedes wa Syracuse alimwandikia kumweleza njia zake za kugundua kanuni. Uzeeni alipofuka, na akafariki yapata mwaka 194 KK. Kitabu chake cha kupima dunia kimepotea. Maelezo ya kipimo hicho tunayapata kwa Cleomedes, aliyeandika karne kadhaa baadaye.

Lakini kipimo chenyewe kinarudika. Nairobi na Arusha ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kilomita 230 hivi kwa njia iliyonyooka. Juni 21, shule mbili zisimamishe fimbo za mita moja na kupigiana simu jua likiwa kileleni. Kivuli cha Arusha kitazidi cha Nairobi kwa sentimita 4 na ushee. Wakichora pembe kwenye karatasi, tofauti itakuwa karibu digrii 2, na digrii 2 zinaingia mara 180 katika duara. Waachiwe wazidishe wenyewe.