Ufufuaji wa pikipiki ndogo za Kijapani (Mombasa)

Ni kazi ya kurudisha barabarani, au kuipa sura mpya, pikipiki ya zamani yenye injini ndogo. Mfano wake mkuu ni Honda Super Cub, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958 na kufikia milioni 100 mwaka 2017. Injini ya C50, ya sentimita za ujazo 49, ina gia tatu na klachi inayoshika yenyewe, hivyo dereva hubadilisha gia kwa mguu tu. Kwa vichochoro vya Mji wa Kale ni chombo cha kufaa mno.

Adui mkubwa katika kisiwa cha Mombasa ni chumvi ya bahari. Hula spoku, bomba la moshi na, kwa siri zaidi, ndani ya tangi. Unga wa kutu ukishuka huziba kabureta. Fundi makini huanza hapo: husukasuka nati za chuma ndani ya tangi, huliosha na kulikausha kabisa. Tundu za kabureta hupulizwa kwa upepo, wala hazichokolewi kwa waya, maana zikipanuka mchanganyiko wa petroli na hewa huharibika. Silinda iliyochakaa huchongwa na kutiwa pistoni kubwa kidogo.

Kenya ilipoondoa VAT mwaka 2008 kwa pikipiki zisizofika 250 cc, zile za India na China zilijaa mitaani. Injini nyingi za Kichina zenye silinda iliyolala, zilizoigwa kutoka Cub, hukaa kwenye fremu ya Cub yenyewe. Kubadilisha injini hivyo ni nafuu, lakini injini ya asili ikitengenezeka, inastahili kubaki.