Chumvi ya Katwe na Swali la Betri

Ukimtajia Mkampala Katwe, atafikiria mtaa wa mafundi. Katwe ninayoizungumzia ni ziwa la chumvi lililomo ndani ya shimo la volkeno huko Kasese. Bunyoro iliithamini sana chumvi yake, na mwaka 1891 Lugard alijenga ngome pale, Fort George, ili kumnyang'anya Kabalega biashara hiyo.

Miaka ya 1970 ulianza mradi wa kiwanda cha kisasa, chenye mitambo ya Kijerumani. Hakikudumu. Maji ya ziwa, yenye kloridi, kabonati na salfeti za sodiamu, yalikula mabomba. Sisi wa historia tumezoea kulieleza anguko hilo kwa siasa: Amin, vita, uchumi mbovu. Siasa ilichangia, sikatai. Lakini kiwanda kilishindwa pale chuma kilipogusana na maji ya chumvi, na vidimbwi vya udongo vya wenyeji vinatoa chumvi hadi leo.

Sodiamu hugombana na karibu kila kinachoigusa. Humphry Davy aliitenga mjini London mwaka 1807 kwa kutumia betri ya Volta, na tangu hapo huhifadhiwa ndani ya mafuta isikutane na hewa wala maji. Sasa wanasayansi wanataka iwe elektrodi ndani ya betri, na ugomvi ni uleule. Ikigusana na elektrolaiti hujenga utando mwembamba juu yake. Emanuel Peled aliufafanua utando wa aina hii mwaka 1979. Utando dhaifu hupasuka kila betri inapochajiwa na kutumika. Sodiamu mpya huliwa, miba ya metali huota, na ikifika upande wa pili betri imekwisha. Mwaka 2015 kundi la Yi Cui, Stanford, lilibadilisha kimiminika na chumvi yake, likapata utando laini na imara: kwa mizunguko 300, wastani wa asilimia 99.9 ya sodiamu ilirudi.

Wapo wanaosema Uganda itatajirika kwa kuwa ina chumvi. Chumvi imejaa baharini, jamani! Kilicho adimu ni ujuzi wa ule utando. Kabla Kasese haijaahidiwa kiwanda kingine, ningependa wanakemia wa Makerere wapewe maji ya ziwa lile na vipande vya vyuma mbalimbali, wapime kipi kinaliwa na kwa muda gani.