Kiwashio cha Jiko la Gesi Kinapogoma: Mambo ya Kuzingatia Nyumbani

Jiko la gesi lisilotoa cheche si lazima liwe limeharibika, wala si sababu ya kurudi kwenye mkaa. Ufafanuzi huu unawahusu wananchi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wakati huu ambapo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

Jiko dogo linalofungwa juu ya mtungi wa kilo 6 kwa kawaida halina kiwashio. Huwashwa kwa kiberiti tangu likiwa jipya. Kiwashio hupatikana zaidi katika majiko ya mezani. Ndani ya swichi yake mna nyundo ndogo ya springi inayogonga kipande cha fuwele, na pigo hilo huzalisha umeme wa volti maelfu kadhaa kwa kitambo kidogo mno. Umeme huo hupita katika waya hadi kwenye ncha ya chuma iliyozungukwa na kauri, kisha huruka kama cheche kuelekea kichomeo. Majiko mengine hutumia betri.

Kabla ya kukagua, mtumiaji afunge regulata ya mtungi, afungue madirisha na kuacha jiko lipoe. Baada ya kuhakikisha hakuna harufu ya gesi, azungushe swichi katika mwanga hafifu. Cheche ikionekana, kiwashio ni kizima. Huenda kichomeo hakijakaa sawasawa au matundu yake yameziba. Mlio ukisikika bila cheche, mara nyingi ncha imelowa au imeshika mafuta. Uji uliofurika hutosha kabisa kuleta hali hiyo, sawa na unyevu wa msimu wa mvua katika vilima vya Ngara. Ncha isuguliwe taratibu kwa mswaki mkuukuu, ifutwe kwa kitambaa kikavu na kuachwa ikauke. Kauri yenye ufa haitengenezeki, hubadilishwa. Pasipo mlio wowote, betri ibadilishwe. Kwa jiko lisilo na betri, aitwe fundi.

Hatari kubwa haimo katika kiwashio chenyewe, bali katika kukirudia mara nyingi huku gesi ikitoka. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Hutulia sakafuni, na cheche ikija kupatikana baadaye huweza kuiripua yote kwa mkupuo. Moto usipowaka ndani ya sekunde chache, swichi ifungwe na hewa iachwe ipite kwa dakika kadhaa.

Wakati matengenezo yakisubiriwa, kiberiti kinafaa, mradi njiti iwake kwanza na kusogezwa kwenye kichomeo, ndipo swichi ifunguliwe. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni kwenye mpira na regulata, kamwe si kwa moto. Harufu ikiwa kali, mtungi ufungwe, swichi za umeme zisiguswe, watu wote watoke nje, na simu ipigwe wakiwa huko kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114.