Siku walipozima swichi ya Nairobi

Leo naweka programu kando, tuongee historia kidogo.

Wengi hudhani ubishi kuhusu intaneti isiyobagua ni wa Wamarekani. Ni kweli kwamba Tim Wu, msomi wa sheria, ndiye aliyelipa jambo hili jina mwaka 2003. Lakini sisi Wakenya tulikuwa tumeshagombana kuhusu jambo la karibu sana na hilo, tangu mwaka 2000.

Mimi nilianza kutumia intaneti mwaka 2001 hapa Nakuru, enzi hizo ukiwa bado mji tu (jiji tumekuwa Desemba 2021). Saiba yetu ilikuwa ghorofani karibu na Kenyatta Avenue, na tulilipa kwa dakika. Unabofya barua pepe, unaangalia watu barabarani, unarudisha macho, ukurasa bado nusu, na saa inahesabu. Nililaumu kompyuta. Nilipokuja kujifunza mitandao ndipo nikaelewa kwamba sehemu ya kosa ilikuwa mbali na ile saiba.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1999 lile shirika la zamani la posta na simu, KPTC, liligawanywa. Telkom Kenya ikapewa miaka 5 ya kushika peke yake njia za mawasiliano ya kimataifa. Mtandao wake wa intaneti uliitwa Jambonet. Kebo ya baharini haikuwepo Afrika Mashariki, kwa hiyo ya ng'ambo yalipitia setilaiti. Ukipita njia ya Mai Mahiu kwenda Naivasha, kumbuka kwamba hapo Longonot kuna kituo cha setilaiti kilichofunguliwa mwaka 1970. Kwa miaka mingi, mlango wa nchi ulikuwa hapa kwetu Bonde la Ufa.

Sasa fanya hesabu na mimi. Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Tuseme wewe uko kwa kampuni moja ya intaneti na rafiki yako kwa nyingine, wote Nairobi, lakini kampuni hizo hazijaunganishwa. Barua yako inapanda angani, inashuka Marekani, inapanda tena, inashuka Nairobi. Hizo ni safari 4, kilomita 144,000. Jibu nalo ni hivyo hivyo. Jumla kilomita 288,000, karibu sekunde nzima hata kwa kasi ya mwanga! Na kila hatua inalipiwa kwa dola. Yote hayo ili kumfikia mtu wa jengo la pili.

Dawa yake ni rahisi: weka swichi moja mjini, kila kampuni ivute waya hadi hapo, wabadilishane data za ndani humo humo. Kampuni za intaneti, chini ya chama chao TESPOK, zilifanya hivyo. KIXP ilianza Nairobi mwishoni mwa Novemba 2000.

Haikumaliza wiki mbili. Telkom ililalamika kwamba haki yake inaingiliwa. Msimamizi, CCK, akaamua kwamba swichi hiyo haina leseni, izimwe. Ikazimwa.

Tuwe wakweli, Telkom haikuwa inaongea upuuzi. Haki hiyo ilikuwa imeandikwa, na mapato ya njia za kimataifa yalikuwa riziki yake. Lakini TESPOK nao walikuwa na hoja ngumu kuvunja: data inayotoka Nairobi kwenda Nairobi ni ya kimataifa kivipi? Mzozo ulifika mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano, leseni ikatolewa, na Februari 2002 KIXP ikawashwa tena ikiwa na kampuni 5. Kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, swichi ilikuwa tayari inangoja.

Mbona nachimba haya ya kale? Kwa sababu swali halijaisha: mwenye njia ana haki ya kuamua data ipi ipite na kwa bei gani? Mwaka 2014 Airtel Kenya na Facebook walileta huduma ya kufungua kurasa chache bure. India ilipiga marufuku bei za kubagua namna hiyo Februari 2016.

Mwenyewe nimeonja. Niliandikia kikundi cha wafugaji wa Njoro programu ya kuhesabu maziwa. Ilifanya kazi vizuri, ila wanachama wengi walikuwa wakinunua vifurushi vya WhatsApp pekee. Programu yangu kwao ilikuwa haifunguki. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana, intaneti ninayo, ni kitu yako imeharibika." Mwishowe hesabu za maziwa zikawa zinatumwa kwa WhatsApp, na programu yangu ikalala.

Simlaumu yule mzee. Kifurushi cha bei nafuu kinamsaidia mwenye shilingi 20 kuongea na mtoto wake. Lakini kila tukikubali mlango mwembamba kwa sababu ni rahisi, vijana wa Nakuru wanaoandika programu wanabaki nje yake. Mwaka 2000 kulikuwa na watu waliobisha hadi swichi ikawaka. Zamu hii atabisha nani?

Nawasilisha.