Uhuru Sasa: Skuli ya Watu Weusi wa Brooklyn

Mwaka 1740 koloni la South Carolina lilipitisha sheria ya kumtoza faini kila amfundishaye mtumwa kuandika. Na sheria ile, pamoja na nyingine zilizoifuata katika majimbo ya kusini ya Marekani, ni ushahidi tosha kwamba mabwana walijua vema elimu ina nguvu gani mikononi mwa mtu waliyemnunua. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 skuli zilifunguliwa, lakini vitabu vyake ama vilimnyamazia Mwafrika ama vilimtaja kwa dharau. Carter G. Woodson, mwana wa wazazi waliokuwa watumwa, aliyechimba makaa ya mawe kabla ya kupata udaktari wa tarikhi katika Harvard mwaka 1912, alitoa umri wake kuiondoa dhuluma hiyo: mwaka 1915 aliasisi chama cha kuichunguza tarikhi ya watu weusi, na Februari 1926 akaanzisha juma la kuiadhimisha.

Hata hivyo, juma moja si mwaka. Mwaka 1968 wazazi wa Ocean Hill na Brownsville, mitaa ya Brooklyn, walidai mamlaka juu ya skuli za watoto wao, mzozo ukazuka, na mgomo wa waalimu ukalitikisa jiji zima la New York. Miongoni mwa waalimu waliosimama upande wa wazazi alikuwamo Leslie Campbell, aliyejulikana baadaye kwa jina la Jitu Weusi, ambaye pamoja na wenziwe waliunda jumuiya ya The East, na mwaka 1970 wakafungua skuli yao wenyewe, wakaiita Uhuru Sasa Shule.

Wako waliouliza, na wangali wakiuliza, kwa nini skuli hiyo ilipewa jina la Kiswahili, ilhali wahenga wa watu hao wengi wao walichukuliwa kutoka pwani ya magharibi, tangu Senegambia hata Angola. Hoja hiyo kwangu haina uzito. Mtu aliyefutiwa kabila lake kwa mjeledi hawezi kuambiwa arudie lugha ya kabila asilolijua. Naye akichagua lugha iliyokwisha kuvuka mipaka ya makabila, na ambayo taifa huru la Tanzania lilikuwa likiendesha mambo yake kwayo, amechagua kwa busara na kwa haki. Wala lugha hiyo haikubaki skulini tu: Muriel Feelings, mwandishi aliyepata kufundisha Uganda, alitoa mwaka 1971 kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, kilichochorwa na mumewe Tom, ili hata mtoto asiyekuwa na skuli kama Uhuru Sasa karibu naye aweze kuhesabu moja hadi kumi kwa lugha ya Kiafrika.