Nani Mwenye Vyombo? Bendi, Uwanja wa Wazi na Mapambano ya Tabaka

Bendi inapopanda jukwaani katika viwanja vya maonyesho, iwe ni Sabasaba kwenye Barabara ya Kilwa au maonyesho ya wakulima huko wilayani, macho ya watu humwelekea mwimbaji na mpiga gitaa la solo. Hakuna anayeuliza: lile tarumbeta ni mali ya nani? Tukizungumza juu ya shamba, kiwanda au benki, kada yeyote anajua kwamba swali la kwanza ni nani anayemiliki njia za uzalishaji. Muziki tunauacha pembeni, kana kwamba hutoka hewani. Lakini mpiga saksafoni asiye na saksafoni yake hana tofauti na mkulima asiye na ardhi, na historia ya bendi zetu haiwezi kueleweka bila ya kulianza jambo hilo.

Tuanze na beni. Ngoma hii ilizaliwa katika mwambao wa Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Wakati huo wakoloni walikuwa wakipitisha bendi zao za kijeshi barabarani ili wananchi waone nguvu za dola, na huko Freretown, karibu na Mombasa, misheni iliwafundisha watumwa waliokombolewa kupiga vyombo vya shaba. Vijana wa mitaani waliitazama gwaride ile, wakaichukua, wakaifanya yao. Walivaa sare, wakagawana vyeo vya Kingi, Jenerali na vinginevyo, wakatembea mjini kwa mwendo wa kijeshi, kisha wakamalizia uwanjani kwa mashindano. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi. Katika Tanganyika palitokea Marini na Arinoti.

Wamisionari wengi na maofisa wa kikoloni walisema kwamba huo ni uigaji mtupu, Mwafrika akimcheza Mzungu. Wako pia wasomi wetu waliokubaliana nao kwa sababu nyingine: waliona haya kwamba babu zetu walijipa vyeo vya maadui. Sisi hatukubaliani na pande zote mbili. Chama cha beni kilikuwa na michango, orodha ya wanachama, viongozi waliochaguliwa, na wajibu wa kumzika mwenzao na kumwuguza mgonjwa. Kijana aliyetoka bara na kufika Tanga au Dar es Salaam bila ya ndugu alikuta humo jamaa ya kumpokea. Ngoma na vyombo vya kupuliza vilinunuliwa kwa fedha za chama. Kwa maneno mengine, wenye vyombo walikuwa wale wale waliovipiga.

Hata hivyo, tusiipambe beni kuliko ilivyostahili. Marini ilijulikana kuwa ya makarani na watu waliojiona wamestaarabika. Arinoti ilikuwa ya wapagazi, vibarua na watu wa chini. Mgawanyiko wa tabaka uliokuwa ukijengwa na uchumi wa kikoloni ulionekana wazi uwanjani, katika mavazi na katika mwendo. Fedha nyingi za wanachama zilimalizikia katika kuushinda upande wa pili kwa karamu na fahari. Ushindani huo uliwapa watu hamasa, lakini uliwafanya pia wapimane wao kwa wao badala ya kumpima anayewatawala.

Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliisambaza beni kuliko kitu kingine chochote. Ilichezwa katika makambi ya pande zote mbili, na askari waliporudi kwao waliibeba hadi Nyasa, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Serikali ya Kiingereza ilianza kushtuka. Mwaka 1919 makachero wake walikuwa wakiandika taarifa juu ya vyama hivi, kwa sababu waliona mtandao unaovuka mipaka ya makabila na makoloni na ambao wao hawakuuanzisha. Mwaka 1935, baada ya mgomo wa wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, tume ya uchunguzi ililazimika kuuliza ni sehemu gani iliyochukuliwa na chama cha Mbeni. Mtawala hana tabia ya kuogopa uigaji mtupu.

Kutoka hapo hadi kwenye dansi la mijini njia si ndefu. Katika miaka ya 1930 na 1940 vilianza vilabu vya jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na vingine. Mengi ya majina yao yanaonyesha asili ya watu, kwa mfano Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kubeba jina la Jimbo la Magharibi, au Kilwa Jazz. Ile tabia ya mji kugawanyika pande mbili haikufa. Morogoro ilikuwa na Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Katika taarab, Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star.

Katika miaka hiyo ya 1950 vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam vilifanya kazi ambayo vilabu vya wanaume wasomi havikuiweza. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, alivifuata vikundi hivyo mwaka 1955 na kuviingiza katika TANU. Hakuhitaji kuunda mtandao mpya. Mtandao ulikuwepo, una viongozi na una nidhamu, na uwanja wake ulikuwa wa wazi, mahali ambapo hakuna mlango wa kumzuia asiye na senti.

Jambo hili la mlango linahitaji kuangaliwa vizuri. Ndani ya ukumbi bendi huishi kwa kiingilio. Anayelipa ndiye anayeingia, na anayekunywa zaidi ndiye anayependwa na mwenye baa. Uwanjani hakuna mlango. Sauti ya gitaa hupotea hewani, ndiyo maana matarumbeta na saksafoni hufanya kazi kubwa zaidi huko. Hutakiwa amplifaya zenye nguvu, spika, jenereta, na gari la kuvibeba vyote. Yaani gharama hupanda wakati ule ule ambapo mapato ya mlangoni hayapo. Kwa hiyo bendi ya uwanjani lazima iwe na mtu mwingine anayeilipa, na huyo mtu mwingine ana sababu zake.

Baada ya Uhuru, mtu huyo alikuwa umma, kwa kupitia mashirika yake. Jumuiya ya wafanyakazi, NUTA, iliunda bendi yake mwaka 1964 na kuwalipa wanamuziki mshahara wa mwezi. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa wakafuata. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianzisha Urafiki Jazz mwaka 1970, na hapakuwa na siri kwamba kazi yake mojawapo ilikuwa kuzitangaza khanga na vitambaa vya kiwanda. Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi kabla ya kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983. Mitindo nayo ilichukua majina ya ngoma zetu: Msondo kwa upande wa NUTA, Sikinde kwa upande wa Mlimani. Mji ukagawanyika tena pande mbili, kama enzi za Marini na Arinoti, ila safari hii mgawanyiko haukufuata tabaka.

Faida zilikuwa za kweli. Mwanamuziki, ambaye zamani alionekana mhuni, alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara, na sikukuu ya taifa iliweza kuwa na muziki mzuri bila ya kumtoza mkulima kiingilio. Lakini ni lazima tuseme lililokuwa kweli pia. Vyombo vilikuwa vya shirika. Kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania zilibaki Radio Tanzania, na mtunzi aliusikia wimbo wake kila siku bila ya kuona malipo yanayolingana nao. Mmiliki alikuwa umma kwa jina. Kwa vitendo alikuwa meneja. Mpiga ngoma wa Arinoti mwaka 1920 alikuwa na sauti kubwa zaidi juu ya ngoma yake kuliko mpiga tumba wa shirika mwaka 1980.

Udhaifu huu ulionekana mwaka 1985, wakati International Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara binafsi, ilipowavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akiwemo Muhiddin Maalim na Hassani Bitchuka. Wengi walizungumza juu ya tamaa. Tamaa ilikuwepo, hatukatai. Lakini mtu asiye na hisa katika chombo wala katika kanda anacho kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni nguvu kazi yake, na ataiuza kwa anayetoa bei nzuri. Huko alikokwenda, vyombo vilikuwa pia vya mtu mwingine.

Katika miaka ya 1990 mashirika mengi yalibinafsishwa au yaliacha kugharamia burudani, na bendi nyingi zilikufa pamoja na bajeti zao. Zile zilizobaki zilirudi mlangoni, kwenye kiingilio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, wakati waliozitunga nyimbo kubwa za miaka ya 1970 wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka mwaka 1970, alifariki mwaka 1979.

Huko Nyasa mtoto wa beni hakufa. Askari waliorudi kutoka vitani walikuta hakuna matarumbeta ya shaba na hakuna fedha ya kuyanunua, wakayatengeneza kwa vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui ili sauti itetemeke. Ng'ambo ya ziwa wanaiita malipenga, kwetu mganda. Kila mchezaji hukilima, hukikausha na hukitoboa kibuyu chake mwenyewe, na ngoma kubwa ni ya kikundi kizima.