Kichwa cha Otenyo, kilio cha mtoto

Mzee wa Kisii akikwambia anakwenda Bosongo, ana maana ya mjini. Bosongo ni kwa wazungu. Elimu kuhusu Abagusii, yaani Wakisii wa Kenya, nayo ilikaa huko kwa wazungu miaka mingi.

Ilianza na damu. Januari 1908 Otenyo, Mgusii, kwa kuchochewa na Moraa, mtabiri, alimchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya. Mzungu akapona. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakaja kuchoma nyumba, kuswaga ng'ombe na kuua, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni kule London, akalalamika kwamba mauaji yamezidi. Otenyo naye aliuawa. Wazee husimulia kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na jamaa zake wangali wanakidai. Hizo ndizo zama mafuvu ya Waafrika yalipopelekwa Ulaya kupimwa, ati yaseme akili ya kila rangi. Wachaga wa Old Moshi nao bado wanakitafuta Ujerumani kichwa cha Mangi Meli, chifu wao aliyenyongwa mwaka 1900.

Mwaka 1955 wakaja wageni wa aina nyingine. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani, walikuja kutazama malezi katika kijiji walichokiita Nyansongo, wakati wenzao wakifanya hivyo India, Mexico, Ufilipino, Okinawa na kwao Marekani. Robert alirudi 1974 na mke wake wa pili, Sarah LeVine, safari hii pamoja na madaktari wa watoto na wanasaikolojia. Waliyoyaona ni haya: mama analima, mtoto yuko mgongoni mwa omoreri, dada yake anayemlea. Akilia tu, anabembelezwa au ananyonyeshwa. Lakini mama hamkodolei macho wala hamsemeshi sana, kinyume na mama wa Boston, ambaye hamalizi kupiga soga na kichanga.

Kwa kipimo cha Boston, huyu mama wa Kisii ana walakini. Hapo ndipo watafiti walipofanya jambo ninalowasifu: waliwaonyesha akina mama wa Kisii picha za video za akina mama wa Marekani. Wakashtuka. Mtoto analia, na mama hana haraka! Angalau mara moja, aliyezoea kupimwa akashika kipimo.

Waafrika wenyewe hawakukaa kimya. William Ochieng', Mluo, alichapisha historia ya Abagusii kabla ya ukoloni mwaka 1974. Mwaka 2006 John Akama, akishirikiana na Mmarekani Robert Maxon, akatoa kitabu kuhusu mila za Abagusii. Akama ndiye aliyekuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati yake 2013.

Siku hizi Abagusii wamejaa Minnesota. Mjukuu anayesomea shahada ya pili huko anaweza kuazima vitabu vya akina LeVine maktabani, akafungua ukurasa na kumkuta nyanya yake analima, jina limebadilishwa, asimtambue.